Nakala Arobaini za "Ingieni"

3 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute na afya na koo lililopona. Huku sisi tupo. Goti la Bibi linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa: jana amemwambia fundi bomba kwamba tangu aje kuziba, bomba limepata moyo wa kuvuja vizuri zaidi. Mama yuko zamu ya mchana wiki hii hospitalini, kwa hiyo nikitoka shule nyumba ni ya mimi, Bibi na redio. Kitanda chako hakijatolewa chumbani kwetu. Mama alitaka kuweka cherehani pale, nikamwambia nahitaji mahali pa kukunjia nguo. Uongo mtupu. Mimi na kukunja nguo wapi na wapi.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Naomba usicheke, nimehesabu. Kalamu, yaani mimi, nimo mara moja, mwishoni, kwenye salamu. Mpishi yumo mara saba.

Ulipoandika kwamba huko umepata mtu mwenye sikio, nilidhani ni mwanafunzi. Mwanafunzi ningemvumilia, kwa shida lakini ningemvumilia. Kumbe ni mama wa miaka hamsini na kitu anayekoroga maharage ya shule upande wa pili wa ukuta wako, hajui do, re, mi ni mdudu gani, na wewe unamwimbia nyimbo zako kabla hazijafika kwenye karatasi! Zamani ulikuwa unaziimba huku unapiga pasi, mimi nimekaa sakafuni na daftari naandika nota. Nilikuwa na miaka kumi. Ulisema, "Wewe usipoandika, wimbo huu haujazaliwa." Sasa naona zinazaliwa tu.

Shuleni tunaandika kila kitu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza naweza kujaza kurasa mbili kuhusu hisia za mtu wa kitabuni na nisione haya, kwa sababu kule si nyumbani. Kwa Kiswahili nikiandika neno moja naona kama Bibi amesimama mlangoni ananitazama. Basi naliandika hivyo hivyo: nina wivu. Limeshakaa kwenye karatasi, sitalifuta.

Bibi anakusalimu, anauliza kama unakula.

Mwanao,
Kalamu


26 Februari

Kalamu wangu,

Marahaba, mwanangu. Mwambie Bibi nakula. Dada mwambie cherehani iende sebuleni, kitanda changu asikiguse. Nimechelewa kukujibu, na usininunie, maana kununa kwako nakujua: unasema "hamna kitu" halafu unafua mapazia.

Huu ni mwaka wangu wa pili hapa, na chumba cha muziki bado ni nusu chumba. Nusu nyingine ni ya madawati yaliyovunjika miguu. Kinanda kina vitufe vitano vilivyogoma kusema. Mwalimu mkuu anaamini muziki ni kama lile kapeti la ofisini kwake, linatandikwa wageni wakija na kukunjwa wakiondoka. Sasa wageni wanakuja kweli. Tarehe 28 Machi ukumbi mpya unafunguliwa, na nimeagizwa wimbo. Mwalimu wa hesabu ananiambia nikifaulu nitapewa chumba chenye mlango.

Wimbo nimeutunga, unaitwa "Ingieni". Rasimu ndiyo hii. Ni hii pekee, sina nyingine, itunze.

Kuhusu Mpishi, umeuliza bila kuuliza. Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa naimba kiitikio peke yangu, mara sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, pamoja na mwiko kugonga sufuria.

"Mwalimu! Hapo mwisho panakosa kitu."

"Panakosa nini, mama?"

"Unasema ingieni, ingieni, halafu sauti unaishusha, tuli, kama mtu anayefunga mlango. Hao watu unawakaribisha au unawafukuza?"

"Sasa ulitaka niifanyeje?"

"Iache juu. Wakishaingia watashuka wenyewe."

Nikajaribu, na yeye akapita chini yangu na sauti ya pili ambayo hakuna mtu aliyemfundisha. Mwanangu, nywele zilinisimama. Kwa hiyo utaona: mwisho wa kiitikio ulikuwa unashuka mpaka do. Nimeupiga mstari, na juu yake nimeandika mpya kwa wino mwekundu. Sasa unabaki juu, kwenye nota ya la. Nakili huo mwekundu.

Nakala arobaini, kwa mashine ya kutoa nakala ya hospitalini kwa mama yako, kama kawaida yetu. Wanafunzi wangu mwandiko wako wanauelewa kuliko wangu. Wanasema Kalamu hakosei, na mimi nawajibu kwamba hata mimi sijamwona akikosea. Mpishi ataimba na kwaya, sauti ya pili. Nimemtafutia joho.

Mama yako Mdogo


17 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sote wazima, na Bibi mzima zaidi. Nimechelewa kwa sababu ile mashine ilimeza karatasi, na karani akasema ni mimi niliyeikasirisha.

Nakala arobaini ndizo hizi. Nimeunakili wimbo jinsi ulivyoutunga wewe, Mama Mdogo. Wewe mwenyewe. Ni wimbo mzuri, haukuhitaji mtu.

Nina mtihani wa jiografia kesho, naishia hapa.

Kalamu


4 Aprili

Kalamu,

Salamu kwa wote. Nakuandikia nikiwa kwenye nusu chumba changu, na nusu chumba nitabaki nacho.

Bahasha ilifika siku nne kabla ya sherehe. Koo lilikuwa limenikauka tena, siwezi hata kuita mahudhurio, kwa hiyo kiranja wa kwaya ndiye aliyewafundisha wenzake kiitikio, kutoka kwenye karatasi. Mpishi yeye alikuwa ameshakijua kwa kusikia tangu Februari, na siku hizo za mwisho hakuja mazoezini. Alikuwa na vyungu vya wageni mia mbili.

Siku ikafika. Viti vipya bado vina nailoni. Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Kikaja kiitikio. Wanafunzi arobaini wakashuka kwenye do, na sauti moja, moja tu, pana, ya mtu mzima, ikabaki juu kwenye la. Peke yake. Aliishikilia, maana alijua ndivyo ilivyo. Safu ya mbele mgeni mmoja akacheka, na kicheko kikapita viti vyote vile vyenye nailoni. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu Mpishi alifunga mdomo.

Baadaye, uani, mwalimu mkuu alisema kwa sauti ya kusikika, "Jikoni kuna kazi yake na jukwaani kuna kazi yake." Watoto walikuwa wananitazama mimi. Mpishi naye alikuwa ananitazama mimi. Akasema, "Mwalimu, si ndivyo ulivyonifundisha?" Nikatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa kiranja. Mwandiko wako, safi, do. Nikamwambia, "Mama, kama hujui kusoma, uwafuate wanaojua."

Mbele ya watoto nilimwambia hivyo.

Asubuhi yake nikakuta joho kwenye meza yangu, limekunjwa vizuri. Hajaimba tena. Nasikia mwiko tu.

Ile rasimu unayo bado? Ikiwepo nitumie.

Mama Mdogo


29 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa yote. Huku mvua imeharibu dari ya jikoni, na Bibi sasa anapikia sebuleni na kutoa amri kama nahodha. Mama kapandishwa cheo, ni msimamizi wa wodi, na anatusimamia na sisi pia. Jiografia nimepata sabini na nne.

Rasimu siioni. Tulihamisha vitu vingi wakati wa dari.

Pole tena. Labda Mpishi alisahau tu. Watu wazima husahau.

Kalamu


20 Mei

Kalamu,

Mpe dada hongera. Kama rasimu haionekani, basi. Usihangaike kuitafuta.

Mpishi hasahau. Ana nyimbo zangu kumi na moja kichwani, pamoja na ile niliyoitupa.

Muhula huu sitatunga kitu.

Mama Mdogo


9 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo habari za nyumbani nitaziweka mwisho. Bibi angesema nimekosa adabu. Nikianza na goti lake nitamaliza na goti lake, kama nilivyofanya na dari mwezi wa nne.

Rasimu haikupotea. Imo ndani ya kitabu changu cha fizikia, na sasa imo kwenye bahasha hii. Utaona wino wako mwekundu, unasomeka hata kwa mtu aliye mbali. Niliuona. Nilikaa nao meza ya jikoni Jumamosi nzima. Nilinakili sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kila nikifika mwisho wa kiitikio naweka kalamu chini. Niliuimba mwisho wako, kisha nikauimba wa kwake. Wa kwake ni bora. Ndiyo sababu. Ungekuwa mbaya ningeuandika bila neno. Niliandika do mara nne, moja kwa kila sauti, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote.

Sikufikiria ukumbi. Nakuapia sikumfikiria yeye amesimama na joho. Nilifikiria kwamba wimbo huu utatoka mikononi mwangu ukiwa wetu wawili, mimi na wewe, kama wa pasi.

Na nitakwambia lililo baya zaidi. Barua yako ya tarehe nne Aprili ilipofika, niliisoma nimesimama getini, na kabla sijafika kwenye yale maneno uliyomwambia, nilifurahi. Niliposoma kwamba wamecheka, nilifurahi. Furaha ilidumu kama aya mbili. Halafu nikafika pale kwenye "kama hujui kusoma", nikaona kwamba yeye peke yake ndiye aliyeimba sawa siku ile, na sisi wenye kusoma tulimfanya mwongo. Nikaingia bafuni. Mama aligonga akauliza, "Una nini wewe?" Nikasema, "Hamna kitu." Nikafua mapazia.

Unaweza kumtafuta mtu mwingine wa kunakili. Nitaelewa. Hapana, sitaelewa, lakini nitanyamaza.

Bibi hajambo. Goti ni lile lile.

Kalamu


27 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nazijibu zikiwa zimepoa. Barua yako imekaa ndani ya kitabu cha mahudhurio wiki sita. Kila asubuhi nimefungua kitabu, nimeita majina, nimekifunga. Ulidhani nimekukasirikia. Nilikukasirikia siku moja, siku ya kwanza, mpaka kengele ya saa nne.

Nilijua.

Sisemi siku ya ukumbi. Nilijua kabla, Ijumaa alasiri, mazoezi ya mwisho. Nilikuwa nimekaa nyuma na skafu shingoni, kiranja anaongoza, nikawasikia wote wanashuka kwenye do. Koo lilikuwa bovu lakini mkono ulikuwa mzima. Ningeuinua tu. Sikuinua. Nikajiambia karatasi imesema, Kalamu hakosei, labda ndivyo nilivyoandika. Mimi, niliyeandika kwa wino mwekundu!

Wiki mbili kabla ya hapo, tulipokuwa tunajaribu mimi na Mpishi tu, kwa kusikia, walimu walikuwa wananisimamisha koridoni. "Mwalimu, ule mwisho wa kiitikio umeutoa wapi?" Ule mwisho. Wimbo una mistari thelathini na miwili, thelathini na mmoja ni yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniulizia. Nikawa natabasamu nasema, "Aa, umekuja tu." Nakala zako zilipofika, zilinipa wimbo wangu wote kama nilivyoutaka moyoni, bila ya mimi kuomba. Nilikutumia wewe, mwanangu, na wewe hukujua unatumiwa.

Niliomba rasimu huku nikiomba usiipate. Ulipoandika huioni, nilishusha pumzi hadi mwalimu wa hesabu akauliza kama nimepona.

Wewe una miaka kumi na sita na wivu wako umeuandika kwenye barua ya kwanza kabisa. Mimi nina thelathini na mmoja na wangu niliuita karatasi.

Mpishi tunapishana mlangoni kila siku. Ananisalimu, namwitikia. Rasimu iko hapa mezani. Sijui nianze na lipi.

Mama yako Mdogo


6 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sote wazima.

Nimemwandikia Mama Mpishi. Kwa kuwa hasomi, utamsomea wewe, kwa sauti, yote. Usiruke mahali.

*

Mama Mpishi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni mtoto wa dada yake Mwalimu, ndiye ninayeandika zile karatasi za kwaya. Jina langu la kuitwa ni Kalamu, na nasikia huko wanasema sikosei.

Mwezi wa tatu Mwalimu alinitumia wimbo ukiwa na mwisho wako, ule wa kubaki juu. Aliniambia niunakili hivyo. Sikuunakili. Nilirudisha mwisho wa zamani kwa makusudi, bila kumwambia, kwa sababu nilikuonea wivu. Nilidhani unaninyang'anya kazi yangu. Kwa hiyo siku ile ukumbini wewe ndiye uliyekuwa sawa, na wanafunzi arobaini walikuwa wamekosea, na aliyewakosesha ni mimi. Waliokucheka walimcheka asiyehusika. Naomba unisamehe. Usiponisamehe nitajua ni haki yako.

Sitakuambia kwamba wivu umekwisha. Jana nimeuimba mwisho wako nikiosha vyombo na umeniuma tena, kwa vile ni mzuri na sikuufikiria mimi. Lakini nimeandika nakala mpya arobaini, za wino mwekundu, na kiranja atazigawa. Hazina kosa. Nimezikagua mara tatu.

Sehemu iliyobaki siwezi kuiandika mimi, maana si yangu. Naacha mistari minne. Hapo Mwalimu atasoma.

______________________

______________________

______________________

______________________

Wako kwa heshima na kwa aibu,
Kalamu


21 Agosti

Kalamu,

Salamu kwa Bibi na dada. Nakala nimezipata, kiranja amezigawa. Usiniulize kama Mpishi amerudi kwaya. Hajarudi. Joho liko kabatini.

Nilikwenda Jumanne baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakata vitunguu vya kesho. Nikamwambia nina barua yake. Akacheka. "Yangu? Tangu lini mimi nikaandikiwa?" Nikabaki nimesimama, nikasoma. Kwenye "nilikuonea wivu" kisu kilisimama. Akasema, "Ana miaka mingapi huyu?" Nikamwambia. Akasema, "Maskini. Mpinzani wangu bado yuko shule." Akaendelea kukata. Nilipofika kwenye kuosha vyombo alitabasamu kidogo, nimeona.

Halafu nikafika kwenye mistari yako minne.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki. Nilikuwa nimeshika karatasi kwa mikono miwili kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu, mbona umenyamaza? Imekwisha?"

"Haijaisha, mama."

"Haya," akasema, akaweka kisu chini, akafuta mikono. "Soma."

Nikasoma, nikianzia na Ijumaa ile ya mazoezi.

Mama yako Mdogo